Umeme ubaki kisiwani, data ivuke maji: mwongozo kwa fundi wa visiwa vya Ziwa Viktoria, Uganda

Usiku, ukiwa umeketi kwenye mwalo wa kisiwa kidogo kule Ssese, unaziona taa za Bugala ng'ambo zikimetameta juu ya maji. Ndiyo sababu kila ninapoitwa kazini huko, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, si mtuvutie tu waya kutoka kule?" Jibu langu ni hapana. Intaneti nitawavutia. Umeme tutauzalisha hapa hapa.

Mwongozo mzima umejengwa juu ya jibu hilo. Ziwa letu si la kina cha kutisha, kwani hakuna mahali linapofika hata mita 90, lakini kebo ya kulazwa chini ya maji inahitaji chombo maalumu cha kuilaza. Ikishalala, inabaki chini ya nanga na nyavu za kila mvuvi anayepita. Kisiwa chenye nyumba 80 hakiwezi kulipa gharama hiyo. Bugala yenyewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya wilaya ya Kalangala, ilijengewa mtambo wake wa sola na dizeli wa megawati 1.6 na laini ya kilovolti 33. Lolwe kule Namayingo nayo ina mtambo wake wa sola wa kilowati 600. Wakubwa wanazalisha nyumbani. Mdogo ana sababu gani ya kufanya vingine? Mawimbi ya redio yatakayoleta intaneti, kwa upande wake, hayana habari na nanga.

Hatua ya 1: Nenda mikono mitupu, ulale huko

Safari ya kwanza usibebe paneli wala betri. Beba daftari, GPS ya simu, tochi kali na mita ya kupimia umeme. Lala angalau siku mbili, na kabla ya kupanga tarehe uangalie mwezi. Hili sikufundishwa na mtu. Mwalo wa dagaa, au mukene kama tunavyowaita huku, hufanya kazi gizani, kwa sababu samaki hao huvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, wengine wanavuka kwenda nyumbani. Mimi niliwahi kuhesabu wateja wa kuchajisha taa wakati wa mwezi mpevu nikapata 9. Tulipowasha mtambo, siku za giza zilipoingia, walikuja zaidi ya 40 wakiwa na betri zao mikononi, na wote walitaka chaji kabla ya magharibi.

Kwa hiyo uliza: wakati wa giza watu ni wangapi, na wakati wa mwezi ni wangapi? Samaki wakihama, nani anabaki? Wanaobaki mwaka mzima, yaani shule, kituo cha afya na wenye maduka ya matofali, ndio msingi wa hesabu yako. Wengine wahesabu kama mvua: ikija vizuri, isipokuja usife.

Hatua ya 2: Ruhusa

Anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kamati ya mwalo. Kisha ardhi. Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, yaani ina mmiliki wake mwenye hati, na juu yake yupo mwenye kibanja, anayeishi na kulima hapo. Hao ni watu wawili tofauti na unahitaji saini ya kila mmoja kwa ajili ya nyumba ya betri na ya mlingoti wa kubebea dishi la intaneti. Anayekwambia "mwenyewe yuko Kampala, hana neno" usimsikilize.

Kuuza umeme kwa majirani, hata kidogo, ni jambo la ERA, mamlaka ya umeme. Mitambo midogo iliyojitenga na gridi ina njia nyepesi kuliko leseni kamili, lakini huwezi kuanza bila kuwaona. Fundi anayefunga waya za majengo awe na kibali chao. Kugawa intaneti kwa malipo ni jambo la UCC, mamlaka ya mawasiliano, na kampuni inayokuuzia intaneti iseme kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kuigawa.

Hatua ya 3: Hesabu ya umeme

Tuchukue mwalo mdogo wa kawaida. Kituo cha afya: taa 8 za wati 9 kwa saa 6, pamoja na kompyuta moja, jumla wati-saa 730 hivi. Shule: taa 10 kwa saa 3 na kompyuta 5 kwa saa 4, jumla 1,170. Maduka 10, kila moja 200, ni 2,000. Friza mbili nzuri za kisasa ni 2,400. Redio ya kupokelea intaneti, swichi na rauta ni wati 40 tu, lakini hazilali. Mara saa 24 unapata 960. Wengi wanasahau hiyo ya mwisho, wakidhani intaneti haili umeme, kumbe inakula kuliko taa zote za kituo cha afya.

Jumla ni kama wati-saa 7,260. Ongeza asilimia 30 ya kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani), betri na waya: 9,440. Jua la ziwani lina siku zake za mawingu, hivyo mimi huhesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, sio 5 au 6 wanazoandika wauzaji. 9,440 gawa kwa 4.5 ni wati 2,100. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Paneli 6 za wati 550, yaani wati 3,300, zitakupa nafasi ya kujaza betri upya baada ya siku mbili za mvua. Betri iwe ya siku moja na nusu: 9.4 mara 1.5, gawa kwa 0.8 ili usiikaushe, ni kilowati-saa 17.7. Betri 4 za lithiamu za volti 51.2 na ampea-saa 100 zinakupa 20.5.

Friji ya chanjo usiiunganishe humo. Iachwe na paneli zake yenyewe, ili siku mtambo ukizimika kwa sababu mtu kaleta pasi ya nguo, chanjo zisiharibike.

Hatua ya 4: Pima njia ya mawimbi kabla hujanunua mlingoti

Hapa ndipo nimeona pesa nyingi zikipotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuseme kutoka kilima cha Bugala, penye intaneti, hadi kisiwa chako ni kilomita 12. Usiku mtu mmoja asimame kilimani awashe na kuzima tochi, wewe usimame pale unapotaka mlingoti. Ukiiona tochi, umepata nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba mawimbi hayaendi kama uzi. Yananenepa katikati kama muhogo, na unene huo, eneo la Fresnel, usiguswe na kitu. Kwa kilomita 12 na gigahezi 5.8, nusu ya unene huo katikati ya njia ni mita 12.5, na angalau asilimia 60 yake, mita 7.5, iwe wazi. Ongeza mita 2 za mviringo wa dunia. Yaani mstari wako upite karibu mita 10 juu ya maji katikati ya safari.

Miti je? Bugala ina mashamba makubwa ya michikichi, na mchikichi hauachi kurefuka. Ule unaouona leo kifuani utakuwa juu ya paa baada ya miaka michache. Uliza shamba lililo mbele yako limepandwa lini.

Sasa maji yenyewe. Ziwa likitulia ni kioo: wimbi moja linakuja moja kwa moja, jingine linapiga maji na kuruka hadi kwenye dishi lako. Yakifika pamoja yanasaidiana, yakifika yakipingana yanauana. Urefu wa wimbi la gigahezi 5.8 ni sentimita 5 tu, kwa hiyo tofauti ndogo ya njia inatosha kuharibu kila kitu. Kwa hesabu ya juu juu, dunia ikichukuliwa kuwa tambarare, dishi la kilimani likiwa mita 40 juu ya maji na lako mita 8, njia hizo mbili zinatofautiana kwa sentimita 5.3, karibu wimbi zima, na kwa kuwa maji hulipindua wimbi linaporuka, hapo yanauana. Shusha dishi lako hadi mita 4, tofauti inakuwa nusu ya wimbi, yanasaidiana. Umesoma vizuri: kushusha. Mlingoti mrefu zaidi si lazima uwe bora zaidi juu ya maji, na wateja hawataki kabisa kusikia hivyo, kwa sababu mlingoti mrefu unaonekana umegharimu.

Karatasi haitoshi lakini. Funga dishi kwa muda, lipandishe na kulishusha nusu mita nusu mita, andika nguvu ya mawimbi kila mara. Kisha liache hapo pazuri mchana kutwa na usiku kucha, kwa sababu hewa juu ya ziwa hubadilika kati ya alfajiri na jioni. Acha nafasi ya ziwa lenyewe pia: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya 1964, na maeneo mengi ya pwani yalifurika. Maji yakipanda mita moja, vimo vyako vyote viwili vimepungua mita moja.

Gigahezi 5 ndiyo ninayoipendekeza. Kuna redio za gigahezi 24 na 60 zenye kasi ya kuvutia, lakini mvua yetu nzito inazila: kwenye 24 unaweza kupoteza zaidi ya desibeli 10, yaani nguvu kubaki chini ya moja ya kumi, kwa kila kilomita ya mvua kubwa. Kwenye 5.8 unapoteza chache tu, na kazi inaendelea.

Ukigundua kwamba simu tayari inashika 4G pale kilimani kwenye kisiwa chako, basi sahau yote haya. Weka rauta ya 4G yenye antena ya nje, uielekeze kwenye mnara, na umeokoa nusu ya bajeti.

Hatua ya 5: Mtumbwi

Duka la vifaa liko ng'ambo. Nati moja iliyosahaulika ni siku nzima na mafuta ya injini. Kwa hiyo funga mlingoti wote uwanjani kwako kwanza, ukamilike, ndipo uufungue na kuupakia. Kwenda Bugala utavuka na kivuko cha Bukakata hadi Luku, gari na mzigo wake. Visiwa vingine ni mtumbwi.

Betri zikae chini katikati, juu ya mbao na sio kwenye maji ya sakafuni, ncha zake za kuungia waya zimefunikwa kwa tepu. Paneli zisimame kwa ubavu, zikiwa zimefungwa pamoja. Ukizilaza, upepo utazigeuza tanga. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejisifu kuogelea. Saa ya kuondoka anaijua nahodha. Dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri, upepo wa Juni hadi Agosti una tabia yake, na mzee akikwambia "tungoje", kaa chini unywe chai.

Hatua ya 6: Nyumba ya betri na paneli

Jenga juu, mbali na maji. Sheria inalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, na hata kama mwalo wenyewe umejazana humo, hujapewa ruhusa ya kuongeza. Waliojenga chini waliona wenyewe mwaka 2020.

Tuko juu ya ikweta, hivyo paneli hazina haja ya kuinama sana. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, kaskazini au kusini si hoja, shabaha ni mvua izioshe. Ziweke mbali na mahali wanapoanika dagaa. Palipo na dagaa pana ndege, na mavi ya ndege yaliyokaukia kona moja ya paneli yanapunguza umeme wa safu nzima.

Halafu kuna nzi wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama nguzo za moshi mweusi. Hawaumi, lakini wanafuata taa na kujaa kwenye feni ya inveta mpaka inakwama kwenye uji wao. Weka wavu mwembamba kwenye kila tundu, taa ya nje iwe mbali na mlango wa nyumba ya betri, na ukipata kifaa kisicho na feni, kinunue hata kikizidi bei.

Breka za upande wa paneli na betri ziwe za umeme wa DC, ule usiobadili mwelekeo. Za kawaida za nyumbani hazizimi cheche ya DC. Zinaungua zinapojaribu kukata. Ukitoka pwani ya bahari na hofu ya chumvi, punguza: maji yetu hayana chumvi na chuma kilichopakwa zinki kinadumu. Adui hapa ni unyevu unaoingia kwenye maungio.

Hatua ya 7: Waya za kwenda shuleni

Shule iko mita 300. Tuihesabie hadi kilowati 1. Kwa volti 240 hiyo ni ampea 4.2. Kebo ya alumini ya milimita 16 za mraba ya kupita nguzoni itapoteza volti 5 hivi kwenda na kurudi, asilimia 2. Safi. Ukitumia waya wa shaba wa 2.5, ule wa soketi, utapoteza karibu volti 19, asilimia 8 hivi, na hiyo ni nyingi mno. Na yule anayekushauri upeleke volti 24 za DC moja kwa moja "ili kuokoa inveta": kilowati 1 hapo ni ampea 42, na kebo ile ile ya alumini ingehitaji kupoteza volti 48, mara mbili ya ulizo nazo. Haiwezekani kabisa.

Nguzo ziwe za mkaratusi uliotiwa dawa. Mchwa wa visiwani hawajui kufunga.

Hatua ya 8: Radi

Ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mlingoti wako ndio kitu kirefu zaidi mtaani. Hakuna kifaa kinachozuia radi. Unachofanya ni kuipa njia fupi ya kushuka na kuhakikisha vyuma vyote vinapanda na kushuka pamoja.

Chimbia vijiti vya ethi, vya kupeleka umeme ardhini, vitatu au zaidi, vikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa kijiti kimoja, uviunganishe kwa shaba. Pima, ulenge chini ya omu 10. Kwenye mwamba hutafikia kwa vijiti. Chimba mfereji ulaze waya mrefu wa shaba kwenye udongo wenye unyevu. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, unganisha ethi ya mlingoti, ya fremu za paneli na ya inveta ziwe moja. Ethi mbili zisizojuana zinaigeuza inveta yako kuwa daraja la radi.

Kizuia mruko wa umeme kiwe kwenye pande zote mbili za kebo ya redio, juu na chini. Kama mlingoti uko mbali na nyumba ya betri, pitisha fiba kati yake: kioo hakipitishi radi. Nazo redio za juu uzilishe kwa paneli ndogo na betri yake hapo hapo. Hata bila radi, kebo ya mtandao ya shaba haivuki mita 100.

Hatua ya 9: Kulenga dishi na kugawa

Lenga upande mmoja kwa mara moja, mlalo kwanza, wima baadaye. Utapata kilele kidogo, kisha kikubwa, kisha kidogo tena. Kaza kwenye kikubwa. Wengi hukazia kile kidogo cha kwanza kwa furaha. Hesabu ya kulinganisha: kilomita 12 kwenye 5.8 zinapoteza desibeli 129, hivyo ukirusha desibeli 36 kwa jumla na dishi la kupokelea likiwa la 30, utegemee karibu −63. Ukiona −78, hujalenga, au mchikichi umekuona. Funika maungio kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kebo ipinde chini kabla ya kuingia kwenye redio ili maji yadondoke.

Kijijini, Wi-Fi kwa vocha inatosha. Umeme uwe kwa mita za tokeni, kile Uganda nzima inachokiita Yaka, na malipo kwa pesa za simu. Mvuvi analipa siku aliyouza. Ankara ya mwisho wa mwezi itamkuta ameshahamia kisiwa kingine.

Hatua ya 10: Kumwachia mtu

Chagua msimamizi anayeishi pale mwaka mzima. Mara nyingi ni mwenye duka au muuguzi, mara chache ni kijana aliyekuwa akikushikia spana kwa bidii, kwa sababu huyo ataondoka. Mwachie sanduku: fyuzi, breka moja ya kila aina, redio moja ya akiba ambayo tayari umeipanga, vizuia mruko viwili, kipande cha kebo chenye vichwa vyake, na brashi laini ya kusafishia paneli. Ukutani bandika karatasi iliyowekewa plastiki, kwa Kiswahili na Kiganda, yenye mpangilio wa kuzima na kuwasha kwa namba zilizobandikwa kwenye breka zenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, zima kila kitu mbele yake. Kisha keti kwenye kiti, mikono mapajani, na umwache awashe peke yake kwa kufuata karatasi hadi simu yake ishike intaneti. Akikwama, usiinuke, angalia amekwama kwenye mstari gani, uandike upya mstari huo, muanze tena. Nahodha atakuita kutoka ufukweni. Mwambie angoje kidogo.